Nafaka ya Mtoto na Ushahidi wa Mama

Katika miji ya pwani, kabla ya Mdachi na Mwingereza kutweka bendera zao, shauri la nafaka ya mtoto, yaani matunzo yake, lilisikizwa kwa kadhi, wala kadhi hakutaabika kumtafuta apaswaye kulisha: baba, hata akiisha kutoa talaka, alibaki na wajibu wa kumlisha na kumvika mwanawe, na mama anyonyeshaye alistahiki posho yake kwa mujibu wa aya ya 233 ya Sura al-Baqara. Lakini wajibu huo ulifungamana na nasaba, na nasaba na nikaha, hata mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa hakuwa na haki juu ya mali ya aliyemzaa, na mzigo wake ukawaelemea mama na jamaa zake.

Huko barani, miongoni mwa makabila yafuatayo ukoo wa baba, mtoto wa namna hiyo alihesabiwa kuwa wa nyumba ya babu yake mzaa mama. Mila hizo zilipokusanywa na kutangazwa na serikali ya Tanganyika katika Tangazo namba 279 la mwaka 1963, iliandikwa kwamba mwanamume asiyemwoa mama aweza kumhalalisha mtoto kwa kumlipa babu huyo shilingi 100 kabla mtoto hajaachishwa ziwa. Na tena, jambo ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote, kwamba mwanamume aliyetajwa na mwanamke kuwa baba hana njia ya kukana ila athibitishe kwamba hakulala naye. Neno la mama, basi, lilikuwa na uzito, na aliyetaka kulipindua ndiye aliyetakiwa kuleta hoja.

Waingereza walikuja na dasturi yao wenyewe, iliyozaliwa katika sheria za maskini za mwaka 1576, ambazo hazikutungwa kwa huruma juu ya mtoto bali kwa hofu kwamba parokia itamlisha kwa fedha za walipa kodi. Na katika sheria yao ya mwaka 1872 malipo ya baba yaliwekewa kikomo cha shilingi 5 kwa wiki, na kiapo cha mama peke yake kikahesabiwa kuwa hakitoshi. Mwaka 1949 dasturi hiyo iliingia Tanganyika kwa sheria iliyompa mwanamke asiye na mume mlango wa mahakama, nao ulikuwa mwembamba: ashitaki kabla ya kujifungua au ndani ya miezi 12 baadaye, isipokuwa mwanamume awe amekwisha kutoa fedha za matunzo katika muda huo, na akiisha kuapa mbele ya hakimu, aulizwe barua iko wapi, na ni nani mwingine ajuaye. Ni wazi kwamba mambo ya faragha hayana mashahidi, na mwanamume mwerevu haandiki barua.

Aliyeshinda naye alikutana na kikomo, ambacho sheria hiyo ilipofutwa mwaka 2009 kilikuwa bado shilingi 100 kwa mwezi, fedha ambayo siku hizo haikununua hata chupa moja ya soda.

Kenya ilitunga sheria kama hiyo mwaka 1959, ikadumu miaka 10 tu, kwa kuwa Bunge, lililojaa wanaume, liliifuta mwaka 1969 baada ya wabunge kulalamika kwamba yawafundisha wasichana ufasiki. Nao wanaume wa kufundishwa, sijui walikuwa wapi katika hesabu hiyo. Ilibidi kungoja Katiba ya 2010, ibara ya 53, ndipo wajibu ukawekwa sawasawa juu ya baba na mama, wawe wameoana au hawakuoana.

Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 iliondoa kikomo, ikamwamuru hakimu aangalie mapato na mali ya wazazi wote wawili, watoto wengine wanaowategemea, na gharama za maisha mahali mtoto akaapo. Katika kuthibitisha ubaba, mahakama huangalia jina lililo katika daftari la vizazi, sherehe ya kimila aliyoifanya baba, kukiri kwake mbele za watu na majibu ya kipimo cha vinasaba. Na mzazi akikataa kupimwa, kukataa huko nako ni ushahidi.