Sabuni ya Taveta na Hesabu Niliyoikosea



Katika mkutano wetu uliopita kijana mmoja wa Kidato cha Pili alinijia na swali. Alikuwa amekwenda na mama yake gulioni Taveta, ng'ambo ya Holili, akarudi na mshangao. "Babu," akasema, "kule vitu vyote bei yake ni makumi na mamia, huku kwetu ni maelfu. Kwa nini Tanzania vitu ni ghali hivi?" Wazee waliokuwa karibu wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilipokuwa na umri wake niliikosea hesabu hiyo hiyo, ila mimi niliikosea kwa upande wa pili, na kosa langu lilimuumiza mtu. Leo nataka kumjibu kijana yule kwa kueleza habari zenyewe zilivyokuwa.

Tuanze mbali kidogo. Hadi mwaka 1966 Tanzania, Kenya na Uganda tulitumia shilingi moja ya Afrika Mashariki. Mwaka huo kila nchi ilianzisha fedha yake, na zote tatu zilianza zikiwa na thamani sawa. Mtu wa Moshi aliyekwenda Taveta hakuwa na haja ya kupiga hesabu yoyote. Shilingi ilikuwa shilingi.

Mwaka 1973 ilianzishwa sheria ya kudhibiti bei pamoja na Tume ya Bei ya Taifa. Tume hiyo ilipanga bei za mamia ya bidhaa nchi nzima, na mtu aliyeuza zaidi ya bei halali alivunja sheria. Nia ilikuwa njema, maana kabwela alindwe asinyonywe. Lakini mambo mazito yalifuatana. Bei ya mafuta duniani ilipanda mwaka 1973, ikapanda tena mwaka 1979. Ukame ulitupiga mwaka 1973 na 1974, tukala unga wa yanga. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na mpaka wetu na Kenya ukafungwa. Kisha ikaja vita ya Kagera, mwaka 1978 na 1979. Fedha za kigeni zikatuishia, na viwanda vikakosa malighafi na vipuri. Bei halali ilibaki imeandikwa palepale, lakini sabuni yenyewe haikuwepo dukani.

Sisi tulioingia shuleni mwaka 1982 tunaikumbuka hali hiyo vizuri. Tulipiga mswaki kwa mkaa na chumvi. Shati jeupe la sare lilifuliwa kwa maji matupu mpaka likageuka rangi ya chai. Nyumbani, sukari na sabuni vilipatikana kwa mgao, kwa orodha ya mjumbe wa nyumba kumi, na mara nyingi mgao uliisha kabla foleni haijafika katikati.

Hata hivyo shati langu mimi lilikuwa jeupe. Shangazi yangu aliishi karibu na Himo, na kila nilipoondoka nyumbani kurudi shuleni alinifungia vipande viwili vya sabuni katika kitambaa. Sikumwuliza vilikotoka. Nilijua, lakini sikuuliza. Shangazi alikuwa mjane, na alikuwa mmoja wa wanawake wengi waliopita njia za panya usiku, maharage kichwani wakienda, sabuni na mafuta ya kupikia kichwani wakirudi.

Machi 1983 Serikali ilianza msako mkubwa wa walanguzi na wahujumu uchumi, Waziri Mkuu akiwa Ndugu Edward Sokoine. Sheria maalumu ya uhujumu uchumi ikapitishwa mwaka huo huo. Wananchi wengi waliufurahia msako huo, na walikuwa na sababu. Wapo watu waliokuwa wakichukua bidhaa za umma kwa mlango wa nyuma kwa bei halali, wakazificha, kisha wakaziuza kwa bei mara tano au zaidi. Hao sitawatetea hata leo.

Shuleni ukaitishwa mdahalo: "Mlanguzi ni adui wa taifa kuliko ukame." Mimi nilikuwa msemaji mkuu wa upande wa kuunga mkono. Nilisimama mbele ya wenzangu na shati langu jeupe, nikasema kwamba hata yule anayevuka mpaka kuleta sabuni ni mnyonyaji, kwa sababu sabuni ya Taveta inauzwa huku kwa mara kadhaa ya bei iliyoandikwa kule. Nilipiga hesabu ubaoni kwa kuchukua shilingi moja ya Kenya kuwa sawa na shilingi moja yetu, kama benki zilivyohesabu kwa karibu, na faida ikaonekana kubwa ya kutisha. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Tukashinda. Usiku ule nilimwandikia shangazi barua kumweleza ushindi wangu, pamoja na hesabu yote.

Sikujua kwamba wiki ile ile mgambo walikuwa wakipita nyumba hadi nyumba kwao. Shangazi alikuwa amefukia katoni yake ya sabuni migombani. Mvua za masika zilinyesha, na alipoifukua alikuta uji. Mtaji wake wote ulikwisha pale. Barua yangu ilifika siku chache baadaye, akasomewa na mtoto wa jirani, kwa kuwa yeye hakujua kusoma.

Hakunijibu. Muhula uliofuata hapakuwa na kitambaa cha sabuni.

Novemba 1983 mpaka ulifunguliwa. Likizo ya Desemba 1984 nilikwenda kumwamkia shangazi. Nikasema, "Shikamoo, shangazi." Akaitikia, "Marahaba, baba. Kesho ni Jumamosi, gulio. Twende Taveta, uje na daftari lako." Maneno hayo tu.

Tulitembea kutoka Holili. Kabla ya kuingia gulioni alinisimamisha kwa wabadilishaji fedha, akanipa noti za kwetu akaniambia nibadili mwenyewe. Nilitaja hesabu ya benki. Wale jamaa walicheka mpaka wakashika mbavu. Siku ile nilipewa shilingi moja ya Kenya kwa kila shilingi tano za kwetu, na mmoja akaniambia nishukuru. Gulioni niliona rundo la sabuni juu ya meza, wazi mchana kweupe, bila foleni wala mjumbe. Kipande kimoja nilikinunua kwa shilingi 6 za Kenya.

Shangazi akasema, "Sasa andika, msomi."

Nikaandika. Kwa hesabu yangu ya mdahalo, kipande kile ni shilingi 6. Kwa hesabu ya njiani ni shilingi 30. Mwaka ule kima cha chini cha mshahara kwetu kilikuwa shilingi 810 kwa mwezi. Ukigawa kwa siku 26 za kazi unapata kama shilingi 31 kwa siku. Basi kipande kimoja cha sabuni kilikuwa karibu sawa na kazi ya siku nzima ya mtu wa mshahara wa chini, kabla hujaongeza usiku wa kutembea na hatari ya kunyang'anywa vyote. Ile faida ya kutisha niliyoichora ubaoni ilikuwa imejaa hewa. Alichobakiza shangazi kwa kipande kimoja kilikuwa senti za kununulia chumvi.

Nilitaka kumwomba radhi, maneno yakanikwama. Yeye akaninunulia kipande cha pili, akakifunga katika kitambaa, akasema, "Ulihesabu vizuri, baba. Ila ulihesabu fedha ya kwenye karatasi." Hakuligusa tena jambo lile mpaka alipofariki.

Yaliyofuata yamo vitabuni. Bajeti ya mwaka 1984 iliruhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na polepole maduka yakaanza kuwa na vitu. Mwaka 1986 thamani ya shilingi ilishushwa sana, kutoka kama shilingi 17 kwa dola hadi zaidi ya 50 kufikia mwisho wa mwaka. Yaani benki nazo zilianza kuisogelea ile hesabu ambayo wanawake wa njia za panya walikuwa wameijua miaka mingi. Naam, sabuni ilirudi dukani, lakini kwa bei ambayo wengi waliiona kwa macho tu. Kukosa kitu na kukosa fedha ya kukinunua ni shida mbili tofauti, na kizazi chetu kilizionja zote mbili.

Sasa nimjibu kijana wangu wa Kidato cha Pili. Mwanangu, siku hizi shilingi moja ya Kenya inanunuliwa kwa zaidi ya shilingi kumi na tano zetu, kwa hiyo makumi ya kule na maelfu ya huku yanaweza kuwa bei ile ile iliyovaa nguo mbili. Ukitaka kulinganisha bei ya ugenini na ya nyumbani, uliza mambo matatu. Kwanza, fedha hizi zinabadilishwaje kwa kweli, siyo kwa karatasi? Pili, mtu wa kule na mtu wa huku, kila mmoja anafanya kazi saa ngapi ili apate kitu hicho? Tatu, kitu chenyewe kipo, au ni bei tu iliyopo? Nimefundisha Historia miaka mingi, na sijaona swali la nne linalozidi hayo.

Tangu mwaka 2016 pale Holili na Taveta kuna kituo cha pamoja cha forodha, na mama yako amevuka mchana na mzigo wake, akapigiwa mhuri, akarudi. Usilione jambo hilo kuwa dogo. Na utakapopewa nafasi ya kusema katika mdahalo, sema kwa nguvu zako zote, maana ndiyo raha ya shule. Lakini kabla hujasimama, tazama kwanza shati ulilovaa, umwulize aliyekufulia sabuni imetoka wapi.