Kutoka London hadi Beni: safari ya chumba cha plastiki

Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ya Kongo ilitangaza kwamba Ebola imezuka Mangina, wilayani Beni. Mlipuko uliotangulia, wa mkoa wa Équateur, ulikuwa umetangazwa kumalizika siku nane tu kabla. Katika wiki za kwanza, kwenye kituo cha matibabu cha Beni mjini, wagonjwa walianza kulazwa katika vyumba vya namna ya pekee: kuta za plastiki inayopitisha nuru, hewa iliyopozwa kwa mashine, na mikono ya mpira iliyofungwa ukutani ili muuguzi aweze kumhudumia mgonjwa bila kuingia ndani. Shirika la kitabibu la ALIMA, lenye makao yake Dakar, liliviita CUBE. Hakuna mlipuko wa Ebola uliokuwa umewahi kuvitumia kabla ya huo wa Beni.

Wazo lenyewe halikuzaliwa Afrika, wala halikuanza na binadamu. Lilianzia kwenye maabara ya wanyama katika Chuo Kikuu cha Notre Dame, Marekani, ambako James Reyniers alikuwa akilea panya na kuku wasio na kijidudu hata kimoja mwilini, ndani ya matangi ya chuma. Matangi hayo yalikuwa mazito na ya bei kubwa. Mwaka 1957 mwenzake, Philip Trexler, aliacha chuma akatumia karatasi laini ya plastiki. Kilichosimamisha kuta zake ni hewa yenyewe: feni ilisukuma ndani hewa iliyochujwa, mgandamizo wa ndani ukawa mkubwa kuliko wa nje. Hewa huteremka penye mgandamizo mdogo kama maji yateremkavyo mlima, kwa hiyo hata plastiki ikitoboka, ya ndani hutoka na ya nje haiingii.

Kanuni hiyo ndiyo iliyomweka hai David Vetter wa Texas, aliyezaliwa mwaka 1971 bila kinga ya mwili, akaishi ndani ya chumba cha plastiki hadi wiki zake za mwisho, mapema mwaka 1984. Yeye alilindwa dhidi ya dunia. Ili dunia ilindwe dhidi ya mgonjwa, Trexler aligeuza mambo: feni ikae upande wa kutolea, ifyonze hewa ya ndani na kuipitisha kwenye kichujio. Mgandamizo wa ndani ukishuka, penye tundu hewa huingia tu, haitoki. Plastiki ni ileile. Kilichogeuka ni mwelekeo wa upepo.

Mwaka 1976 ulileta jaribio la kifaa hicho. Huko Yambuku, kaskazini mwa nchi yetu, hospitali ya misheni ilikuwa na sindano tano kwa siku nzima, zikitumika kwa mgonjwa baada ya mgonjwa. Watu 318 waliugua Ebola, 280 wakafa. Profesa Jean-Jacques Muyembe alifika huko akachukua damu za wagonjwa bila glavu. Mwezi Novemba mwaka huohuo, mtafiti mmoja wa maabara ya Porton Down, Uingereza, alijichoma sindano akishughulika na virusi hivyo vipya. Alipelekwa hospitali ya Coppetts Wood, London, akalazwa ndani ya hema la plastiki la Trexler, akapona. Mwaka uliofuata Trexler na madaktari wenzake walieleza kifaa hicho katika jarida la British Medical Journal.

Ugonjwa mmoja, mwaka mmoja, na tofauti hiyo kati ya Yambuku na London ilidumu zaidi ya miaka 40. Ebola ilipopiga Kikwit mwaka 1995, na baadaye Afrika Magharibi kati ya 2014 na 2016 ambako iliua zaidi ya watu 11,000, ulinzi ulikuwa mavazi ya mfanyakazi, si chumba cha mgonjwa. Ndani ya mavazi hayo, katika joto la Guinea au Liberia, muuguzi hakuweza kuvumilia zaidi ya saa moja hivi. Mgonjwa alibaki peke yake nyuma ya maturubai, akitembelewa na watu wasio na sura. Somo hilo ndilo lililowafanya ALIMA watengeneze CUBE.

Hapa tusichanganye mambo. Ebola haisafiri hewani kama kifua kikuu; huambukiza kwa damu, matapishi na majimaji mengine ya mwili. Kazi kubwa ya chumba cha Beni ilikuwa ya ukuta wake kuzuia majimaji hayo. Hewa iliyopozwa ilimwezesha mgonjwa kustahimili kukaa ndani, na ukuta ukamwezesha muuguzi kukaa karibu naye muda mrefu bila yale mavazi mazito. Faida nyingine ilikuwa ya macho: mama aliweza kumwona mwanawe na kusema naye.

Kwa watu wa Beni, Butembo na Lubero hilo halikuwa jambo dogo. Mauaji ya raia kwa panga yalikuwa yakiendelea Beni tangu Oktoba 2014, na watu walijiuliza kwa nini fedha nyingi zinakuja kwa Ebola wakati hazikuja kwa panga. Desemba 2018 Beni na Butembo zilinyimwa uchaguzi wa rais kwa sababu iliyotajwa kuwa Ebola na usalama, hasira zikapanda. Februari 2019 vituo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa moto, na tarehe 19 Aprili daktari Richard Mouzoko wa Shirika la Afya Duniani aliuawa mjini Butembo. Plastiki haikuweza kuzuia hayo. Lakini ilisaidia kupinga angalau uvumi mmoja, ule wa kwamba aingiaye kituoni hufanyiwa mambo gizani.

Mlipuko ulitangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020: wagonjwa 3,470, vifo 2,287. Chanjo iliyotolewa kwa zaidi ya watu 300,000, na dawa mbili zilizojaribiwa Beni, Butembo, Katwa na Mangina, ndizo zinazostahili sifa ya kwanza. Chumba kilikuwa msaidizi wao.

Swali lililobaki ni la wasomi wetu: vipi kuhusu ugonjwa unaosafiri hewani, kama kifua kikuu? Mwaka 2007 watafiti waliopima hospitali za Lima, Peru, walionyesha kwamba madirisha na milango iliyofunguliwa ilibadilisha hewa ya chumba mara 28 kwa saa, wakati kiwango kinachotakiwa kwa vyumba vya mashine ni 12. Vyumba vya zamani vyenye dari ndefu vilivishinda vya kisasa. Butembo ni baridi, na watu hufunga madirisha. Beni ni joto. Dirisha lifaalo mji mmoja huenda lisifae mwingine, na kifua kikuu kiko kote kuwili. Hiyo ni kazi ya shahada ya udaktari inayomngoja mwanafunzi wa Chuo Kikuu Katoliki cha Graben au wa Beni: kupima upepo katika vituo vyetu vya afya, kwa matofali yetu, mbao zetu na mabati yetu. Wenye kugawa fedha za utafiti wasisubiri mlipuko mwingine ndipo wazitoe.