Pangani: Namna Mji Ulivyobaki Mdogo

Pangani uko kwenye mlango wa mto wenye jina hilohilo, kiasi cha kilomita 50 kusini ya Tanga. Maji ya mto huanzia Kilimanjaro na Meru, hupita nyika na mabonde ya chini ya milima ya Pare na Usambara, na huingia Bahari ya Hindi baada ya mwendo wa kilomita 500 hivi. Mji umekaa ukingo wa kaskazini, penye tambarare. Ng'ambo, kwenye kilima chenye mwinuko mkali, iko Bweni. Mbele ya mlango wa mto kuna fungu la mchanga: jahazi hulivuka maji yakijaa, lakini meli kubwa haipiti, hutia nanga nje. Kwa muda mrefu fungu hilo lilikuwa kero ndogo tu. Baadaye ndilo lililosaidia kuamua ukubwa wa mji.

Katikati ya karne ya 19 Pangani haukuwa mdogo kwa kipimo cha mrima, yaani pwani ya bara inayoelekea Unguja. Wapelelezi Waingereza Burton na Speke walipofika mwaka 1857, wakielekea Fuga kwa Kimweri, mtawala wa Usambara, walikuta nyumba chache za mawe katikati ya nyingi za udongo na makuti, forodha ya Sultani wa Unguja na biashara iliyochangamka. Pangani ilikuwa mwanzo wa njia ya misafara ya kwenda Kilimanjaro, Arusha na nchi ya Wamasai. Pembe za ndovu ziliteremka. Nguo, shanga na nyaya za shaba zilipanda. Msafara wa Mhungaria Teleki, uliofika ziwa Turkana mwaka 1888, ulianzia hapa, na kiongozi wake njiani alikuwa mfanyabiashara wa Pangani, Jumbe Kimemeta, aliyezijua njia za Umasaini kuliko mgeni yeyote. Katika msimu wa misafara mji ulijaa wapagazi na wachuuzi kutoka bara. Misafara ikiondoka, walibaki wenyeji na watumwa wao.

Maisha ya mji wa namna hiyo yaliendeshwa na kujuana. Kila mtu alijulikana ni mtoto wa nani, wa mtaa gani, amezaliwa mjini au amekuja. Juu kabisa walikuwa majumbe, wakuu wa koo za Kishirazi zilizojihesabu kuwa wenye mji. Liwali wa Sultani alikuwapo, lakini ardhi, ada na heshima vilipita mikononi mwa majumbe. Hapa faida na hasara za mji mdogo zinaonekana pamoja, na inafaa kuzitazama kwa makini, kwa sababu hazikuwaangukia watu walewale.

Kwa aliyekubaliwa, mji ulikuwa ngao. Akifa, alizikwa na mji mzima. Akioza binti, mji ulikula kwake. Akifilisika, alikuwa na watu wa kumsemea. Lakini kukubaliwa kulikuwa na gharama. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye kitabu chake cha desturi za Waswahili kilitoka mwaka 1903, ameeleza jinsi watu wa mrima walivyopata ujumbe kwa kulipa ada na kulisha watu, na jinsi vazi, kilemba na hata viatu vilivyoonyesha daraja ya mtu. Pangani mambo yalikuwa yaleyale. Karamu na ngoma zilikuwa mashindano ya kweli: mtaa ukichinja ng'ombe watatu, mtaa wa pili ulitafuta wanne. Mgeni kutoka bara aliyetajirika kwa pembe alitaka kuingia katika mashindano hayo ili ahesabiwe mtu wa mji, na wenye mji walitaka mali yake bila kumpa nafasi yao. Ugomvi wa nani acheze ngoma gani, nani avae nini na nani akae mbele ulikuwa ugomvi wa uraia. Katika mji mkubwa mtu hupuuzwa na kupita. Pangani ilikuwa vigumu kupita bila kuonwa.

Kwa watumwa ngao hiyo haikuwapo. Kandokando ya mto, juu ya mji, Waarabu wenye mashamba walipanda miwa na kusindika sukari, na kazi ya miwa ilikuwa nzito kuliko kilimo kingi cha mwambao. Wazalia, watumwa waliozaliwa pwani na kulelewa katika Uislamu na lugha ya mji, waliweza kudai mengi: kufanya kibarua na kumpa bwana sehemu ya ujira, kujenga nyumba yao, kushiriki sherehe. Aliyeletwa shambani kutoka bara hakuwa na la kudai. Wengi walitoroka na kujenga vijiji vya watoro nyuma ya pwani, na watoro hao wakawa hofu ya kudumu ya wenye mashamba. Macho ya mji yaliyomlinda mwenyeji ndiyo hayohayo yaliyomrudisha mtumwa kwa bwana wake.

Mikopo nayo ilikwenda kwa kujuana. Wafanyabiashara wa Kihindi, wengi wao wakiwa na ndugu na washirika Unguja, walitoa mali kauli: bidhaa kwa neno, malipo msafara ukirudi. Hakukuwa na benki. Dhamana ilikuwa jina. Mtu mwenye jina jema aliweza kuondoka na mzigo mkubwa bila kutoa hata rupia. Msafara ukiharibika, ukishambuliwa au wapagazi wakitoroka, deni lilibaki, nalo lilijulikana barazani kabla mdaiwa hajafika nyumbani. Mashamba, nyumba na watumwa viliwekwa rehani. Wengine walirudi bara tena na tena kwa sababu tu hawakuweza kukaa mjini wakitazamana na mdai wao kila siku.

Nguvu ya kujuana ilidhihirika zaidi mwaka 1888. Aprili mwaka huo Sultani Khalifa aliikabidhi Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki utawala wa mrima, uanze mwezi Agosti. Pangani alipelekwa Emil von Zelewski, ambaye wenyeji walimwita Nyundo. Alitaka bendera ya kampuni ipandishwe, akamdharau liwali, na askari wa meli ya kivita wakaletwa kumuunga mkono. Siku zile zilikuwa za Idd el Haj, na Wajerumani waliingia msikitini wakiwa na mbwa wao. Habari haikuhitaji mjumbe. Wiki chache baadaye mji ulikuwa umejaa watu wenye silaha, wenyeji na watu wa bara jirani, na Zelewski na wenzake wakazuiwa ndani ya nyumba yao mpaka Jenerali Mathews, Mwingereza aliyeongoza jeshi la Sultani, alipokuja na askari wake kuwatoa. Mathews mwenyewe hakukaa, mji haukumtaka.

Kiongozi wa upinzani aliyejitokeza, Abushiri bin Salim al-Harthi, alikuwa na shamba la miwa karibu na Pangani, wala hakuwa jumbe. Ndani ya upinzani huo kulikuwa na nyufa za siku zote: majumbe walitaka kurudishiwa ada zao, wenye mashamba walitaka watumwa wao watulie, vijana wa bara walitaka sehemu ya mji waliyonyimwa. Kwa muda waliungana, lakini nyufa hazikuzibika. Kamanda wa Kijerumani, Wissmann, aliuteka mji Julai 1889. Abushiri alikamatwa bara, akaletwa Pangani na kunyongwa tarehe 15 Desemba 1889. Hemedi bin Abdallah al-Buhriy alivitungia vita hivyo utenzi mrefu, na kwa hiyo matukio ya mji huu yameandikwa pia kwa Kiswahili na mtu wa upande ulioshindwa. Miji mingi ya ukubwa wake haikupata bahati hiyo.

Kilichoidogosha Pangani, hata hivyo, hakikuwa vita. Wajerumani walihitaji bandari ya meli za moshi na reli ya kwenda milimani. Tanga ina ghuba yenye kina. Pangani ina fungu la mchanga. Reli ya Usambara ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikafika Korogwe 1902 na Moshi 1911. Kila stesheni iliyofunguliwa iliikata njia ya zamani ya misafara mahali papya. Mzigo wa Kilimanjaro, ambao kwa vizazi ulifuata bonde la mto hadi Pangani, sasa ulipanda gari la moshi. Wafanyabiashara waliufuata, wengi kwa mfungo mmoja wa hesabu: walifunga daftari Pangani na kufungua lingine Tanga.

Mwaka huohuo wa 1893 ng'ambo ya mto, Kikogwe, ilipandwa miche ya mkonge ambayo Richard Hindorf aliiagiza kutoka Florida. Miche 62 tu ndiyo iliyonusurika safari, na kutokana nayo ikazuka kazi kubwa kuliko zote za Tanganyika. Kikogwe iko jirani kabisa na mji, lakini singa zilipitia Tanga, na Tanga ndiko kulikojengwa ofisi, maghala na mitaa mipya. Pangani ilipata mashamba na manamba, vibarua walioletwa kwa mkataba kutoka nchi za mbali kama Kigoma na Urundi. Manamba waliishi kambini, wakaja mjini siku ya mshahara. Lile swali la zamani la nani ni mtu wa mji likaulizwa upya kwa watu wapya, na kwa muda mrefu jibu lilikuwa lilelile la kuwaweka pembeni.

Chini ya Waingereza, waliowafuata Wajerumani, Pangani ulikuwa mji wa boma, mahakama ya liwali, forodha ndogo, maduka ya Wahindi na minazi. Mbata na samaki viliondoka kwa jahazi. Utulivu huo usidharauliwe. Shaaban Robert, aliyeingia kazi ya forodha mwaka 1926, alitumikia Pangani akiwa karani, na katika miaka yake ya forodha, iliyodumu mpaka 1944, ndipo alipokomaa kama mshairi. Mji wenye kazi chache, wazee wengi wenye kumbukumbu na Kiswahili cha mrima kinachosemwa barazani kila jioni ulikuwa shule nzuri kwa mwandishi. Wakati huohuo kijana aliyetaka elimu zaidi ya shule ya msingi ilimbidi aende Tanga. Mji ulikuza watu ambao haukuweza kuwaajiri.

Mto ulitumika pia kwa manufaa ya mbali. Umeme wa maporomoko ya Pangani uliwasha viwanda vya mkonge na mji wa Tanga tangu miaka ya 1930. Mtambo wa Hale kwenye mto huohuo, wenye megawati 21, ulifunguliwa 1964, na mtambo mpya wa Pangani wa megawati 68 ukafuata katika miaka ya 1990. Lilijengwa pia bwawa la Nyumba ya Mungu, na umwagiliaji wa juu ukaongezeka. Maji matamu yanayofika mlangoni yalipungua na maji ya chumvi yakapanda mtoni, yakaathiri minazi na mashamba ya kando. Wakulima wa huku chini hawakuwa wengi wala wenye sauti, na hasara yao ilichelewa kuhesabiwa. Pengine hii ndiyo hasara kubwa ya udogo: maamuzi yanayougusa mji hufanywa mahali ambapo hakuna mtu wake aliyeketi.

Baada ya Azimio la Arusha, mwaka 1967, sehemu kubwa ya mashamba ya mkonge ilitaifishwa, na bei ya singa ilikuwa imekwisha kuanguka kwa ushindani wa nyuzi za plastiki. Uzalishaji wa nchi, uliopita tani 200,000 katikati ya miaka ya 1960, ulishuka mpaka sehemu ndogo ya hapo mwishoni mwa karne. Mashamba ya Pangani yaliota magugu. Vijana walikwenda Tanga, Dar es Salaam na Unguja. Nyumba za mawe za mtaa wa Wahindi zilibaki na familia chache au zikaporomoka mapaa. Waliobaki waliishi kwa uvuvi, nazi na kazi za serikali. Sensa ya 2012 ilikuta watu 54,025 katika wilaya nzima.

Manufaa ya mji wa namna hiyo ni halisi. Chakula ni rahisi kuliko katika mji mkubwa, samaki hununuliwa pwani wakiwa wabichi, mtoto hulelewa na mtaa, na duka humwandikia jirani daftarini mpaka mwisho wa mwezi kama alivyofanya mwenye mali kauli. Hasara nazo zina uzito. Mgonjwa mahututi au mama mwenye uzazi mgumu hupelekwa hospitali ya Bombo, Tanga, na kwa miongo mingi barabara hiyo ilikuwa ya vumbi, mbovu masika. Mkazi wa upande wa Bweni alitegemea kwanza kivuko, na kivuko kikiharibika alitegemea mtumbwi. Siri ya nyumba haikai, jambo linalowaelemea hasa wasichana na wajane, kwani mwenendo wao hupimwa na mji wote. Bahari inakula ufuo, na ukuta wa kuizuia ulijengwa katika miaka ya 2010.

Lami ya barabara ya Tanga hadi Pangani ilianza kujengwa mwaka 2019, ikiwa sehemu ya njia ya mwambao ya kwenda Bagamoyo kupitia Saadani, na daraja la kuvuka mto likafuata katika miaka ya 2020. Njia hiyo inaondoa sehemu ya ugumu ulioanza na reli ya 1893: kwa mara ya kwanza tangu wakati wa misafara, mzigo na abiria wa masafa marefu watapita Pangani badala ya kuiacha kando. Viwanja vya Bweni na vya ufukweni vimeanza kutafutwa na watu wa mbali. Wenyeji wasiokuwa na hati za ardhi, ambao miliki yao imetegemea siku zote ushahidi wa majirani, sasa wanahitaji makaratasi ya halmashauri kuilinda, na upimaji wa ardhi umekuwa jambo la haraka kuliko daraja lenyewe.