Stendi inapoharibu gita: Nani alipe?

MTU huegemeza gita yake kwenye stendi, akasafiri, na arejeapo baada ya majuma mawili hukuta vanishi imelainika na kunata nyuma ya shingo, pale hasa iliposhikwa na mpira wa stendi. Akiisugua, alama haitoki. Akirudi dukani huambiwa stendi haina kasoro, kasoro ni ya gita. Akimwandikia mtengenezaji wa gita, hujibiwa kwamba ala ilitoka kiwandani ikiwa nzima, na kwamba dhamana haihusu madhara ya vifaa vya watu wengine.

Ajabu ni kwamba wote wawili husema kweli kwa kiasi fulani. Ndiyo maana mizozo ya aina hii haikomi miongoni mwa wanamuziki.

Kiini chake ni vanishi ya nitroselulosi. Ilienea miaka ya 1920, wakati viwanda vya magari vya Marekani vilipohitaji rangi ya kukauka haraka, na watengenezaji wa ala wakaifuata. Gibson na Martin zingali zinaitumia katika gita zao nyingi. Fender iliiacha kwa sehemu kubwa mwishoni mwa miaka ya 1960, ikageukia poliesta. Nitroselulosi hukauka kwa kiyeyushi chake kupaa hewani tu, pasipo kugeuka kuwa kitu kingine. Kwa hivyo ikikutana na kemikali ya kuiyeyusha, hata baada ya miaka 50, hulainika upya. Poliesta na poliyurethani hufungamana kikemia zinapokauka na hazirudi nyuma kwa urahisi, ijapokuwa mpira mweusi waweza kuacha doa hata juu yake.

Plastiki ya PVC nayo kwa asili ni ngumu. Ili ipindike hutiwa vilainishi, na vilainishi hivyo havitulii vilipotiwa: huhama polepole hadi kwenye vanishi iliyogusana nayo, na joto huviharakisha. Chumba kilichofungwa mchana kutwa Mombasa au Kisumu ni hatari zaidi kuliko sebule ya Limuru. Wala si stendi pekee. Mkanda wa plastiki uliozungushiwa gita ndani ya kasha, kapo iliyosahauliwa shingoni, hata waya wa amplifaya uliolazwa juu ya mwili wa gita, vyote vyaweza kuacha alama.

Sheria ya Kenya haijanyamaza. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, husema mnunuzi akimweleza muuzaji matumizi anayokusudia, na akategemea ujuzi wake, bidhaa yapasa kufaa matumizi hayo. Hapo ndipo kesi nyingi husimama au kuanguka. Aliyesema dukani, "Nataka stendi ya gita hii," huku akiionyesha, yuko mahali tofauti kabisa na aliyeichukua rafuni kimyakimya. Maandishi ya "salama kwa kila vanishi" kwenye boksi humpa mnunuzi nguvu. Onyo la herufi ndogo humpunguzia. Kibao cha "bidhaa zikiuzwa hazirudishwi" hakimalizi hoja, kwa kuwa haki zilizo katika Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012 haziondolewi na makubaliano ya dukani. Dai lisilozidi Sh1 milioni laweza kupelekwa katika Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi mwaka wa 2021.

Ushahidi hupotea upesi. Piga picha gita ikiwa bado juu ya stendi, ili alama na mpira vionekane vikilingana. Tunza risiti na stendi yenyewe. Usifute alama kwa asetoni wala spiriti: huyeyusha vanishi na kumpa muuzaji sababu ya kusema wewe ndiwe mharibifu.

Ugumu mkubwa ni kiasi cha fidia. Muuzaji mwungwana huweza kujitolea kulipia upakaji mpya, na kwa gita ya kawaida hilo latosha. Lakini gita kuukuu huthaminiwa na wakusanyaji kwa vanishi yake ya awali, na kuipaka upya huishusha bei kuliko doa lenyewe. Katika hali hiyo mwenyewe hana kosa kukataa fundi na kudai tofauti ya thamani. Ila ni lazima alete mkadiriaji, maana mapenzi yake kwa ala hayahesabiki.

Anayetaka kuepuka haya yote airudishe gita kwenye kasha lake, mkanda ukiwa umevuliwa. Kitambaa cha pamba juu ya mpira husaidia kwa muda, lakini vilainishi hupenya. Na katika kwaya au bendi, ambako ala ni ya wote na stendi ililetwa na mmoja, heri ijulikane mapema nani huiweka wapi baada ya mazoezi.