Risasi na Wahunzi Wetu

Neno "risasi" katika lugha yetu lina maana mbili. Kwanza, ni kipande kinachoruka kutoka katika mtutu wa bunduki. Pili, ni jina la madini mazito na laini ambayo kipande hicho hutengenezwa. Neno tumelipokea kutoka Kiarabu, ambako ni jina la madini hayo. Maana hizi mbili zatukumbusha zama ambazo mwindaji hakununua risasi dukani, bali aliiyeyusha mwenyewe au alitengenezewa na fundi wa kijijini.

Katika karne ya 19, bunduki nyingi zilizopita Unguja na Bagamoyo kwenda bara zilikuwa magobori na gumegume, yaani bunduki zinazoshindiliwa mdomoni. Mwindaji alitia baruti, akafuatisha kitambaa, kisha risasi ya duara, akashindilia kwa mdeki. Kwa kuwa mitutu ilihitilafiana upana, risasi iliyofaa bunduki moja huenda isiifae nyingine. Ndiyo sababu kila mwenye bunduki alihitaji kalibu yake.

Kazi yenyewe haikuhitaji tanuri kubwa. Risasi huyeyuka kwa joto la nyuzi 327 za Sentigredi, hali chuma chahitaji zaidi ya nyuzi 1,500. Hivyo moto wa makaa ulitosha. Fundi aliyeyusha madini chunguni, akaengua taka zilizoelea, akamimina katika kalibu ya vipande viwili. Ilipopoa alifungua, akakata kishina kilichobaki, akalainisha. Ilimpasa kuhakikisha kwamba kalibu ni kavu kabisa, kwani tone moja la maji hugeuka mvuke ghafla na kumrushia madini ya moto usoni. Leo twajua pia kwamba moshi wa risasi ni sumu.

Hata hivyo, madini hayo yaliletwa na wafanyabiashara wa pwani, tena kwa bei yao. Yalipokosekana, wahunzi wetu walifua vipande vya chuma, ijapokuwa chuma ni kigumu na hukwaruza mtutu. Katanga walitumia shaba. Huko ndiko Msiri na watu wake waliotoka Unyamwezi walikojenga dola yao. Na jina lao, Wayeke, latokana na chama cha wawindaji wa ndovu wa Kinyamwezi. Hivyo ufundi wa mhunzi na ujasiri wa mwindaji vilisafiri pamoja.

Lakini tusijidanganye. Aliyeweza kutengeneza risasi bado alinunua baruti na bunduki. Mirambo wa Urambo, aliyefariki mwaka 1884, alilielewa jambo hilo. Sehemu kubwa ya vita vyake na wafanyabiashara wa Tabora kuanzia mwaka 1871 ilihusu njia za biashara, ambazo ndizo zilizopitisha pembe kwenda pwani na silaha kuja bara. Mwaka 1890 mataifa ya Ulaya yalikubaliana mjini Brussels kuzuia bunduki za kisasa zisiwafikie Waafrika, yakaacha gumegume tu. Bunduki mpya zilitumia risasi zenye maganda yaliyotengenezwa viwandani; kalibu ya kijijini haikuweza kushindana nazo.

Matokeo yake yalionekana katika Vita vya Maji Maji. Tarehe 30 Agosti 1905, huko Mahenge, wapiganaji wenye mikuki, mishale na magobori machache walizikabili bombomu za Wajerumani, wakaanguka kwa wingi. Hawakukosa ushujaa wala akili. Walikosa viwanda.

Leo sheria hairuhusu mtu kutengeneza silaha au risasi bila kibali, na ni vema iwe hivyo. Hata hivyo, walimu na wanafunzi wanaweza kuwauliza wazee habari za wahunzi wa vijiji vyao: walitumia kalibu gani, na madini waliyapata wapi. Taifa lijualo kufinyanga kitu lakini halimiliki malighafi yake limeushika ufundi kwa mkono mmoja tu.