Presha ya Siku Moja: Vipimo vya Shuleni na Sababu za Shinikizo la Juu la Damu kwa Watoto

Mwaka 2018 jarida la BMC Pediatrics lilichapisha matokeo ya utafiti wa watoto 446 wa shule za msingi jijini Dar es Salaam. Asilimia 15.2 walikutwa na shinikizo la damu lililovuka kiwango: asilimia 4.4 katika ngazi ya tahadhari, na asilimia 10.8 katika ngazi ambayo vitabu huiita ugonjwa. Mwaka uliofuata, uchambuzi wa tafiti 47 kutoka pande mbalimbali za dunia, uliotoka katika JAMA Pediatrics, ulikadiria kuwa wenye shinikizo la juu kati ya watoto na vijana wasiozidi miaka 19 ni asilimia 4. Namba hizi zikisomwa kama zilivyo, mtoto wa shule ya msingi Dar es Salaam yuko hatarini zaidi ya mara mbili na nusu kuliko mtoto wa kawaida duniani. Wapo waliokwisha kuzisoma hivyo, na kwao dawa iko wazi: wanafunzi wote wapimwe presha, na vita dhidi ya unene wa watoto vianzie kwenye meza za chipsi zilizopangwa nje ya mageti ya shule.

Napinga usomaji huo. Sipingi kwa kuwa presha ya watoto ni jambo dogo. Napinga kwa kuwa namba hizi mbili hazikupima kitu kimoja, na kosa la kuzilinganisha haliishii kwenye idadi. Linaingia hadi kwenye orodha ya visababishi, na kutoka huko linaelekeza fedha na wauguzi mahali pasipostahili kuwa pa kwanza.

Tofauti yenyewe si ya kutafuta kwa tochi. Uchambuzi wa 2019 ulikubali tafiti zilizompima mtoto katika siku tatu tofauti au zaidi. Tafiti nyingi za Afrika, ukiwamo huo wa Dar es Salaam, zilimkuta mtoto katika ziara moja. Waliokusanya tafiti 51 za bara hili kwa ajili ya The Lancet Public Health mwaka 2017 walilitambua hilo. Wakazungumzia "shinikizo lililopanda", asilimia 5.5, bila kulipa jina la ugonjwa. Mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani wa mwaka huohuo, ambao karibu kila mtafiti wa fani hii huunukuu, unataka shinikizo lifikie au livuke pasentaili ya 95 kwa umri, jinsia na kimo cha mtoto, katika ziara tatu tofauti, ndipo mtu aandike neno "ugonjwa". Kwa kijana wa miaka 13 na kuendelea mpaka ni 130 kwa 80. Katika hili hakuna ubishi miongoni mwa wataalamu. Ubishi unaanza pale mtafiti anapolitaja sharti hilo katika utangulizi, kisha analisahau anapofika kwenye mahitimisho.

Ushahidi ninaoutegemea kuliko mwingine wowote unatoka Houston, Texas. Mwaka 2004 Sorof na wenzake walichapisha katika Pediatrics matokeo ya watoto 5,102 waliopimwa mashuleni, na ambao vipimo vyao vilipokuwa juu walirudiwa mara ya pili, kisha ya tatu. Siku ya kwanza waliovuka pasentaili ya 95 walikuwa asilimia 19.4. Siku ya pili wakabaki 9.5. Siku ya tatu, 4.5. Hakuna aliyetibiwa katikati, wala hakuna chakula kilichobadilishwa. Zaidi ya robo tatu ya "ugonjwa" wa siku ya kwanza uliyeyuka kwa kupima tena.

Kuna sababu mbili za myeyuko huo, nazo ni tofauti. Ya kwanza ni hofu: mtoto aliyeitwa kutoka darasani, akavuliwa sweta mbele ya wenzake na mgeni mwenye koti jeupe, damu yake haitulii kwa dakika mbili. Ya pili ni hesabu tupu. Shinikizo la damu hupanda na kushuka saa hadi saa. Ukiwachagua waliokuwa juu leo, wengi wao kesho watakuwa wamerudi karibu na wastani wao, hata kama hakuna aliyeogopa chochote. Ndiyo maana asilimia 10.8 ya Dar es Salaam, ikisomwa pamoja na 19.4 ya Houston, haitishi. Inashangaza zaidi ile asilimia 4 ya dunia kuwa karibu mno na 4.5 ya Houston. Nadhani, ingawa kuthibitisha kunahitaji data ambazo bado hazijakusanywa, kwamba wale watoto wa Dar es Salaam wangeitwa mara mbili zaidi, wangeishia katika mtaa huohuo.

Msomaji anaweza kusema: sawa, idadi imevimba, lakini visababishi vinabaki vilevile. Mtoto mnene ana presha zaidi kuliko mwembamba, leo na kesho. Hapa ndipo hoja yangu ilipo, na hapa ndipo naomba subira.

Mashine ya presha humpima mtoto kupitia mkanda unaofungwa mkononi. Mfuko wa hewa ndani ya mkanda huo unatakiwa uwe na upana usiopungua asilimia 40 ya mzingo wa mkono, na urefu wa asilimia 80 hadi 100. Mkanda ukiwa mdogo kwa mkono uliofungwa, namba hupanda bila damu kupanda. Sasa fikiria timu iliyofika shuleni na mikanda ya aina mbili, au mmoja tu. Nani atapata mkanda mdogo kuliko mkono wake? Mtoto mnene. Kosa la kifaa haliwaangukii watoto wote kwa usawa. Linamwangukia yuleyule ambaye mtafiti anamshuku. Uhusiano kati ya unene na presha ukijitokeza kwenye jedwali, sehemu yake imetengenezwa na mkanda. Ongeza kwamba mashine za kielektroniki kwa kawaida husoma juu kuliko sikio la muuguzi kwenye stetoskopu, na kwa sababu hiyo mwongozo wa 2017 unataka namba ya juu ya mashine ithibitishwe kwa kusikiliza. Makala nyingi hazimwambii msomaji mikanda ilikuwa ya saizi ngapi, wala nani aliyethibitisha nini.

Siendi mbali kuliko ushahidi. Houston yenyewe inanizuia: hata baada ya siku ya tatu, wenye shinikizo la juu walikuwa asilimia 2 miongoni mwa watoto wembamba kabisa na asilimia 11 miongoni mwa wanene. Unene ni kisababishi cha kweli. Ninachokikataa ni ukubwa unaopewa na uchunguzi wa siku moja, na zaidi ya hapo, upweke wake kwenye orodha. Uchunguzi wa shuleni huona kile ambacho mzani na fimbo ya kupimia kimo vinaweza kuona. Kwa hiyo hutoa jibu la mzani.

Figo hazionekani kwenye mzani. Kwa mtoto mdogo, hasa aliye chini ya miaka sita, shinikizo lililo juu kweli mara nyingi lina chanzo kinachotajika, na figo ndizo za kwanza kutiliwa shaka. Mtoto aliyepata maambukizi ya koo au vidonda vya ngozi vya bakteria wa streptokokasi anaweza, wiki chache baadaye, kuamka uso umevimba, mkojo ukiwa wa rangi ya chai ya rangi, na shinikizo likiwa la kutisha. Kichocho cha kibofu, ambacho kwenye ukanda wa pwani na Visiwani watu wanakijua vizuri mno, kinaweza kuziba njia ya mkojo hadi figo ziharibike. Aota iliyobanwa tangu tumboni hupandisha shinikizo la mikono huku la miguu likibaki chini. Ndiyo sababu tunapima mkono wa kulia, kwa kuwa wa kushoto unaweza kuificha hali hiyo. Watoto hawa ni wachache, na wengi wao siku ya upimaji hawako darasani. Wako nyumbani wanaumwa, au wako wodini, au bado hawajafikia umri wa shule.

Halafu kuna uzito wa kuzaliwa. Brenner na wenzake walidai mwaka 1988 kwamba anayezaliwa na nefroni (vichujio vya figo) chache huanza maisha na figo zenye mzigo. Mwaka 2003 Keller na wenzake nchini Ujerumani waliwalinganisha watu waliofariki kwa ajali: kumi waliokuwa na shinikizo la juu, na kumi wasiokuwa nalo. Waliokuwa nalo walikuwa na karibu nusu tu ya idadi ya glomeruli, yaani vifundo vya kuchujia damu ndani ya nefroni. Sampuli ni ndogo, nalikiri hilo. Huxley na wenzake, mwaka 2002, walionyesha pia kwamba uhusiano wa uzito wa kuzaliwa na presha hupungua kadiri tafiti zinavyokuwa kubwa. Lakini nefroni hukamilika kuundwa karibu na wiki ya 36 ya mimba, na mtoto njiti huzaliwa kazi hiyo ikiwa haijaisha. Katika nchi ambayo takwimu za 2022 zinaonyesha asilimia 30 ya watoto chini ya miaka mitano wamedumaa, kukiacha kisababishi hiki nje ya dodoso na kuuliza tu kuhusu soda na televisheni ni kuchagua jibu kabla ya swali.

Na chumvi? Ushahidi bora tulionao katika ukanda huu ni wa zamani, na haukuwahusu watoto wadogo. Mwaka 1990 Poulter na wenzake waliripoti katika jarida la BMJ habari za vijana Waluo waliohamia Nairobi kutoka vijijini, wenye umri kuanzia miaka 15. Ndani ya muda mfupi shinikizo lao lilikuwa juu kuliko la waliobaki nyumbani, na mkojo wao ulionyesha sodiamu nyingi kulinganisha na potasiamu. Kilichopanda hakikuwa mikia ya wachache tu; kundi zima lilisogea. Utafiti huo unanishawishi kwamba sehemu kubwa ya kinachotafutwa kwa kumpima mtoto mmoja mmoja kimo kwenye mkate, kwenye viungo vya pakiti na kwenye chakula cha barabarani, ambako hakuna haja ya mashine ya presha ili kuchukua hatua.

Hoja nzito zaidi dhidi yangu ni ya maisha marefu. Mwaka 2022 muungano wa watafiti uitwao i3C ulichapisha katika New England Journal of Medicine ufuatiliaji wa watu 38,589 kwa wastani wa miaka 35: shinikizo la utotoni, pamoja na uzito, mafuta ya damu na uvutaji sigara wa ujanani, lilihusiana na magonjwa ya moyo ukubwani. Naupokea ushahidi huo. Ila kuhusiana katika kundi si kumtambua mtu. Chen na Wang mwaka 2008 walikadiria ulingano kati ya shinikizo la sistoli la utotoni na la ukubwani kuwa 0.38, mraba wake ni takriban 0.14. Yaani kwa kumjua mtoto leo tunaeleza sehemu moja ya saba ya tofauti zitakazoonekana ukubwani. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kinapendekeza kupima kila mwaka kuanzia miaka mitatu. Jopo la kitaifa la huduma za kinga la nchi hiyohiyo, mwaka 2020, lilisema ushahidi hautoshi kupendekeza wala kukataza. Wao wana daktari wa kumrudia mtoto mara tatu. Sisi tukimwambia mama kuwa mwanawe ana presha, kisha kusiwe na siku ya pili ya kumpima, tumempa hofu ambayo hakuna wa kuiondoa.

Kwa hiyo fedha za kwanza zinunue mikanda ya saizi zote kwa kliniki za watoto na wodi, na muda wa muuguzi wa kumwacha mtoto akae dakika tano kabla ya kupimwa. Apimwe kila anapofika mtoto mwenye ugonjwa wa figo, aliyezaliwa njiti, mwenye selimundu, mwenye kisukari, mnene, na kila aliyevimba uso. Na mtafiti atakayerudi kwenye shule za Dar es Salaam achapishe mzingo wa mkono na saizi ya mkanda wa kila mtoto, siku ya pili na ya tatu, matokeo ya mkojo, na uzito wa kuzaliwa kutoka kwenye kadi ya kliniki pale ilipotunzwa.