Nguvu za Mwili na Heshima ya Mtu Katika Historia ya Unguja

Utamaduni wa taifa hauishi katika ngoma, mashairi na majengo ya kale peke yake. Unaishi pia katika viwiliwili vya watu: namna wanavyovilisha, wanavyovizoeza na wanavyovipima. Kila jamii ina kipimo chake cha mtu mwenye nguvu, na kipimo hicho hueleza mengi juu ya jamii yenyewe. Siku hizi vijana wengi wa Unguja hunyanyua vyuma ili kutunisha misuli, na baadhi yao hunywa unga uliokorogwa kwa maji kabla ya zoezi, kwa tamaa ya kuongeza nguvu. Wapo wazee wanaowacheka, na wapo vijana wanaodhani kwamba wazee hawakulijua jambo hili. Insha hii inakusudia kuonyesha kwamba jambo lenyewe si geni kwetu. Aidha, itaonyesha kwamba swali kubwa katika historia ya visiwa hivi halikuwa mwili una nguvu kiasi gani, bali nguvu hizo ni mali ya nani.

Tuanze Fumba. Rasi hii iko kusini-magharibi mwa Unguja, nayo imezungukwa na bahari pande tatu. Sehemu kubwa ya ardhi yake ni maweni, kwa hiyo wenyeji wake tangu zamani wametegemea pwani. Wanaume walipiga kasia, walisukuma ngalawa kwa pondo, walitweka tanga na kuinua madema yaliyolowa maji. Wanawake walishuka pwani wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali, wakainama kwa saa nyingi wakitafuta chaza, kombe na pweza. Katika vijiji vingi vya pwani ya Unguja wanawake pia walifukia makumbi ya nazi ufukweni, wakayaacha yaoze kwa miezi kadhaa, kisha wakayafukua na kuyapiga kwa gongo hadi zikabaki nyuzi tupu za kusokotea kamba. Hakuna chuma cha mazoezi kinachozidi gongo hilo kwa kukaza mabega na mikono.

Wataalamu wa leo hufundisha kwamba msuli hukua kwa mambo matatu: kubebeshwa mzigo unaoongezwa kidogo kidogo, kulishwa vizuri, na kupumzishwa. Watu wa pwani hawakuyaandika hayo vitabuni, lakini bahari iliwapangia. Siku za bamvua zilikuwa siku za kazi nzito ya pwani, na siku za maji mafu zilipunguza kazi hiyo. Hivyo mwezi mbinguni ndio uliokuwa mwalimu wa mazoezi.

Chakula nacho chahitaji kutazamwa. Katika unga unaouzwa makoponi leo mna vitu ambavyo majina yake huwatisha wengi. Kafeini ilitengwa kutoka katika buni na Friedlieb Ferdinand Runge mwaka 1819. Taurini iligunduliwa katika nyongo ya ng'ombe mwaka 1827. Kreatini iligunduliwa katika nyama na Mfaransa Michel Eugène Chevreul mwaka 1832. Lakini kafeini ni ile ile iliyomo katika kahawa chungu inywewayo barazani Mji Mkongwe kabla ya watu kwenda kazini. Taurini imo kwa wingi katika pweza na chaza, na kreatini imo katika samaki na nyama. Supu ya pweza, ambayo watu wa pwani huisifu kuwa huleta nguvu, inavyo baadhi ya vitu hivyo hivyo. Hatusemi kwamba pweza ni dawa, wala kwamba kila sifa yake imethibitishwa. Tunasema tu kwamba hazina inayotafutwa dukani kwa bei kubwa, sehemu yake ilikuwa jikoni siku zote.

Hata hivyo, tusiipambe historia. Katika kisiwa hiki hiki palikuwapo wakati ambapo uzuri wa mwili ulikuwa msiba kwa mwenyewe. Mwaka 1811 nahodha Mwingereza Thomas Smee alifika Unguja, akaeleza jinsi watumwa walivyotayarishwa kwa mnada: walisafishwa, ngozi zao zikapakwa mafuta ya nazi ili zing'ae, wakapangwa safu, na wanunuzi wakawakagua viungo na meno. Misuli ilipimwa ili kutaja bei. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa kwa mkataba wa Juni 1873, na mahali pake, Mkunazini, likajengwa kanisa kuu la Anglikana. Utumwa wenyewe haukuondolewa kisheria Unguja na Pemba hadi Aprili 1897.

Miaka minne tu baada ya sheria hiyo, yaani Septemba 1901, Eugen Sandow alifanya mashindano makubwa ya miili jijini London, katika ukumbi wa Royal Albert Hall. Huko watu walipanda jukwaani kwa hiari yao, wakashangiliwa na kupewa zawadi. Mchezo wa kutunisha misuli uliosambaa duniani una mizizi yake katika siku hizo. Mwili uliong'arishwa Unguja na mwili uliotukuzwa London vilitazamwa kwa macho yanayokaribiana; tofauti ilikuwa uhuru wa mwenye mwili.

Baada ya utumwa, nguvu za mwili ziliendelea kuuzwa, safari hii kwa ujira. Bandarini na katika vichochoro vya Mji Mkongwe, mahamali, wakiwamo Washihiri kutoka Hadhramaut, walibeba magunia ya karafuu na mbata na kukokota magari mazito huku wakiimba ili hatua zao zilingane. Walikuwa watu wa miraba minne, lakini miraba hiyo haikuwashibisha. Mwezi Agosti 1948 wafanyakazi wa bandarini waligoma kwa sababu ya ujira mdogo na ughali wa maisha, na Septemba mgomo huo ukawa mgomo mkuu. Mabega yaliyozoea kubeba yalikataa kubeba, na mji mzima ukatambua uzito wake. Hapo ndipo nguvu za mwili zilipopata maana mpya: si misuli ya mmoja mmoja, bali umoja wa wenye misuli.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, maana hiyo ilionyeshwa hadharani. Uwanja wa Amaan ulifunguliwa mwaka 1970, na halaiki za vijana zikawa sehemu ya sherehe za taifa. Katika halaiki hakuna anayeshangiliwa peke yake. Kijana mwenye tambo kubwa husimama chini na kuwabeba wenzake mabegani, na mwepesi hupanda juu. Picha haikamiliki mmoja akikosekana.

Tuwaambie nini basi vijana wa leo? Kwanza, kujenga mwili ni jambo jema, na mizani peke yake haimjui mtu. Mwaka 1942 daktari wa Marekani Albert Behnke na wenzake waliwapima ndani ya maji wachezaji 25 wa mpira wa Kimarekani. Wengi wao walihesabiwa wazito kupita kiasi katika majedwali, kumbe uzito wao ulikuwa misuli, si mafuta. Pili, wasome maandishi ya kopo kabla ya kunywa. Kipimo kimoja cha unga huo mara nyingi huwa na miligramu 150 hadi 300 za kafeini, ilhali mamlaka ya chakula ya Ulaya ilieleza mwaka 2015 kwamba miligramu 400 kwa siku nzima ndicho kiasi ambacho kwa kawaida hakimdhuru mtu mzima mwenye afya. Mwanafunzi ambaye hajakomaa, au mtu mwenye maradhi ya moyo, hana sababu ya kuugusa.

La tatu ndilo kubwa. Fumba ya leo inabadilika: tangu miaka ya 1990 limetengwa eneo la uwekezaji, na majumba mapya yanaendelea kujengwa. Vijana wengi watapata mwili mzuri bila kupiga kasia, na bibi zao wataacha gongo la makumbi. Hilo si la kusikitikiwa, kwani kazi ile iliumiza migongo. Lakini mwili uliowahi kupakwa mafuta ili upate mnunuzi, usirudi leo kutafuta bei kwa macho ya watu. Walimu na wawafundishe wanafunzi kuuliza, kila wanaponyanyua chuma: nguvu hizi nazitunza kwa ajili ya nani, na ni mzigo gani wa wenzangu ninaoweza kuupunguza?